Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mtu Mashuhuri wa Kenya ya Kikoloni: Dukani, Mahakamani na Barazani

Mwandishi anayekusudia kueleza maisha ya wakili, mwanasiasa au mfanyabiashara aliyeishi katika Kenya ya kikoloni huvutwa kwanza na tanzia za magazeti, hotuba za maziko na majina ya barabara. Vitu hivyo hupatikana kwa urahisi, lakini vyote viliandikwa baada ya mtu kuwa mashuhuri, na kwa hiyo humwonyesha kana kwamba tangu utotoni alikuwa akielekea huko. Mwongozo huu unapendekeza mahali pengine pa kuanzia. Katika koloni, karibu kila hatua ya mtu ilihitaji ruhusa ya mtu mwingine: leseni ya duka, kibali cha kupanda kahawa, hati ya ardhi, kuandikishwa kuwa wakili, kuteuliwa kuingia barazani, hata kusafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine. Kila ruhusa iliyotolewa au kukataliwa iliacha karatasi, na karatasi hiyo iliandikwa siku zilezile na karani ambaye hakuwa na habari kwamba mwombaji aliyesimama mbele ya meza yake angekuja kupewa barabara yenye jina lake. Tafuta karatasi hizo kwanza, kisha uzisome tanzia ukiwa tayari unajua mahali zilipotia chumvi.

Katika kumchagua wa kumwandika, jiulize ni ruhusa zipi za maisha yake zinazoweza kufuatiliwa, wala usimchague kwa sababu tu kwamba alikuwa wakili au tajiri. Alibhai Mulla Jeevanjee ni mfano mzuri wa kujifunzia. Alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890, na kampuni yake ikapata kazi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi kwa ajili ya ujenzi wa Reli ya Uganda. Mwanzoni mwa karne ya ishirini alianzisha huko Mombasa gazeti la African Standard, akaliuza mwaka 1905, na gazeti hilo lingali linachapishwa hadi leo kwa jina la The Standard. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani inayoitwa kwa jina lake, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Ukimgawa mtu huyu katika sura moja ya biashara na nyingine ya siasa, utapoteza jambo lililo muhimu kuliko yote maishani mwake, yaani kwamba serikali iliyomtajirisha kwa zabuni ndiyo iliyomzuia yeye na wenzake kununua ardhi katika nyanda za juu, ambazo tangu ahadi ya mwaka 1908 ya Lord Elgin, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, zilikuwa zikihifadhiwa kwa Wazungu. Mabishano yake barazani yanaeleweka tu yakisomwa pamoja na vitabu vyake vya hesabu.

Nchi, fedha na majina

Kabla ya kufungua jalada lolote, andika kwenye ukurasa mmoja jinsi nchi yenyewe ilivyobadilika, kwa maana watafiti wengi hupoteza wiki nzima wakitafuta barua katika ofisi ambayo haikuwa na mamlaka mahali hapo kwa wakati huo. Himaya ya Afrika Mashariki, yaani nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, ilitangazwa mwaka 1895. Mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda, likiwamo eneo la Kisumu na Naivasha, lilihamishiwa katika himaya hiyo, na kwa hiyo mfanyabiashara aliyefungua duka kando ya Ziwa Victoria mwaka 1900 atafutwe kwanza katika kumbukumbu za Uganda. Mwaka 1905 himaya iliondolewa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kukabidhiwa Wizara ya Makoloni, ambayo barua zake kuhusu Kenya zimehifadhiwa katika Makavazi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, katika mfululizo unaoitwa CO 533. Mwaka 1920 sehemu kubwa ya nchi ikawa Koloni la Kenya, ilhali ukanda wa pwani uliendelea kuwa himaya chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963. Mtu wa Mombasa na mtu wa Nairobi waliozaliwa mwaka mmoja hawakuwa raia wa dola moja, na wasifu wao usiandikwe kana kwamba walikuwa.

Ukurasa wa pili uwe wa fedha. Hadi mwaka 1920 watu walihesabu kwa rupia, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja, yaani rupia moja ilikuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Mwaka huo serikali ilipanga rupia iwe na thamani ya shilingi mbili, ikaleta florini, sarafu ya shilingi mbili, kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kutumika mapema katika miaka ya 1920. Uamuzi huo unaonekana kuwa wa wahasibu tu, lakini uliongeza kwa nusu, kwa kipimo cha pauni, deni la kila mtu aliyekuwa amekopa kwa rupia. Walowezi wenye madeni ya benki walitaka kufidia hasara hiyo kwa kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja mwaka 1921, na upinzani dhidi ya punguzo hilo ndio uliomtoa Harry Thuku, kijana aliyekuwa mwendesha simu katika ofisi ya Hazina, na kumfanya kiongozi wa siasa. Mwandishi asiyeijua habari ya rupia atasema kwamba Thuku alizuka kwa kipaji cha kuhutubia. Kipaji hicho alikuwa nacho kweli, ila wasikilizaji waliletwa na mshahara.

Majina yanahitaji daftari lake. Jomo Kenyatta huonekana katika nyaraka kama Kamau wa Ngengi, Johnstone Kamau na Johnstone Kenyatta kabla ya jina tulilolizoea, na anayetafuta kwa jina moja hupata robo ya maisha. Makarani wa Kiingereza waliandika majina ya Kihindi kama walivyoyasikia, kwa hiyo jina moja la ukoo huweza kuwa na tahajia tano katika jalada moja. Kwa watu wa pwani, nasaba yenye "bin" na "binti" ni msaada mkubwa ikiwa utaiandika yote hadi kwa babu, maana majina ya kwanza ni machache na yanarudiwa katika kila ukoo. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kurasa nne nzuri juu ya biashara ya mtu mmoja kabla ya kugundua kwamba nusu ya mashua nilizomhesabia zilikuwa za binamu yake wa jina lilelile. Tangu siku hiyo sihamishi habari yoyote kutoka daftarini hadi kwenye sura kabla ya kuona vitambulisho viwili vinavyokubaliana: jina pamoja na mtaa, au jina pamoja na jina la baba.

Kuhusu tarehe za kuzaliwa, ridhika na mwaka wa makadirio pale ambapo mwenyewe aliridhika nao. Tarehe za Hijria zilizomo katika hati za makadhi na barua za pwani zisibadilishwe kwa hesabu ya kichwani, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 na siku yake huanza jua linapotua. Andika tarehe zote mbili, na pale ubadilishaji unapoacha shaka ya siku moja, taja mwezi na mwaka tu.

Mfanyabiashara

Maisha ya mfanyabiashara ndiyo magumu kuandikwa vizuri, na pia ndiyo yanayolipa zaidi. Mwanasiasa huacha hotuba, naye wakili huacha hukumu, lakini mwenye duka huacha risiti, na wajukuu huzichoma risiti wanapohama nyumba. Anza na Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo limechapishwa tangu mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi sasa yanasomeka kwenye intaneti. Humo mna matangazo ya leseni, kuvunjwa kwa ubia, kufilisika, kusajiliwa na kufutwa kwa kampuni, kugawiwa viwanja na kusimamia mirathi. Usitegemee utafutaji wa kompyuta peke yake, kwa kuwa kurasa za zamani zilizopigwa picha husomwa vibaya na mashine. Chagua miaka mitatu iliyo muhimu katika maisha ya mtu wako, kisha uipitie ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo inachosha macho, lakini tangazo la kuvunjwa kwa ubia, lenye mistari sita tu, litakwambia ni nani waliokuwa washirika, duka lilikuwa mtaa gani, na nani alibaki na madeni.

Kwa Mombasa, Malindi na Lamu kuna hazina nyingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mali katika pwani wapeleke madai yao yasikilizwe na kuandikwa, na madai hayo yana majina ya mashahidi, mipaka ya mashamba, minazi, nyumba na nasaba. Humo pia utawakuta wanawake ambao ripoti za wilaya hazikuwataja kabisa: wenye nyumba, wenye mashamba, waliorithi na walioweka wakfu. Mtu akikuambia kwamba hakuna nyaraka za kuandikia maisha ya mwanamke mwenye mali wa enzi hizo, muulize kama amepitia madai ya ardhi na kumbukumbu za makadhi.

Mali za watu hawa zilivuka mipaka, na utafiti nao uvuke. Allidina Visram, aliyetoka Kutch na kuingia Zanzibar akiwa bado kijana, alijifunza biashara ya misafara kutoka Bagamoyo alikoshirikiana na Sewa Haji Paroo, kisha akafungua maduka kuifuata reli hadi Uganda. Kwa hiyo mwanzo wa maisha yake ya kazi uko katika nchi iliyokuja kuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwandishi atakayekaa Nairobi peke yake ataanza hadithi katikati. Nyaraka za enzi ya Wajerumani ziko Dar es Salaam, na tahajia ya majina humo ni ya Kijerumani. Allidina alifariki mwaka 1916, na biashara yake haikudumu muda mrefu baada yake, jambo linalozua swali ambalo kila wasifu wa mfanyabiashara wa wakati huo unapaswa kulijibu: je, utajiri ulikuwa wa kampuni, au ulikuwa mkopo uliosimama juu ya uaminifu wa mtu mmoja? Mwenye duka kubwa alikopesha wenye maduka madogo, nao wakakopesha wateja. Alipokufa mkubwa, madeni yalikuwa yametawanyika katika vituo vya mbali na mengine hayakuwa na maandishi.

Kwa mfanyabiashara Mwafrika, kabla ya kuhesabu alichofanikiwa kukifanya, orodhesha alichokatazwa. Kwa miaka mingi kilimo cha kahawa kilizuiliwa kwa Waafrika, kikaruhusiwa kwa uchache katika maeneo kama Kisii, Embu na Meru katika miaka ya 1930, na kufunguliwa kwa upana katika mpango wa serikali wa kukuza kilimo cha Waafrika, ulioitwa wa Swynnerton, wa mwaka 1954. Sheria ya kudhibiti mikopo nayo ilifanya deni kubwa la Mwafrika lisiweze kudaiwa mahakamani bila idhini ya ofisa, kwa hiyo wauzaji wa jumla hawakutaka kumkopesha. Mwenye duka la bati aliyefanikiwa katika mazingira hayo alifanya jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye picha.

Hapa ndipo mfano wa Jaramogi Oginga Odinga unapofaa kusomwa kwa makini. Kampuni ya akiba na biashara ya Wajaluo aliyoiongoza, iliyojulikana kwa kifupi kama LUTATCO, ilisajiliwa mwaka 1947, ikajenga Ramogi House mjini Kisumu na kuendesha matbaa. Mtaji ulitokana na hisa ndogondogo ambazo yeye na wenzake waliziuza kwa kusafiri hadi kwenye makazi ya Wajaluo katika miji mbalimbali ya Afrika Mashariki. Waandishi wengi huitaja kampuni hiyo katika aya moja na kukimbilia uchaguzi wa mwaka 1957, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Nyanza ya Kati. Kwa maoni yangu mpangilio huo unapotosha. Safari za kuuza hisa ndizo zilizomjulisha kwa watu, na orodha ya wanahisa ilikuwa ramani ya wafuasi miaka 10 kabla ya Mwafrika wa Kenya kuruhusiwa kupiga kura ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ukimwandika mtu wa namna hii, weka orodha ya wanahisa na matokeo ya kura mezani pamoja, uangalie majina ya vijiji.

Mwanasheria, na kesi zilizomkuta kila mtu

Nyaraka za mahakama zina lugha yake, na mwandishi asiye mwanasheria anaweza kuzisoma iwapo atajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba hadi mwaka 1930 mahakama za Kenya zilitumia sheria za jinai zilizotoka India, na mwaka huo ndipo sheria mpya ya kanuni za adhabu ilipochukua nafasi yake. Kifungu chenye nambari fulani katika kesi ya mwaka 1922 hakina maana ileile katika kesi ya mwaka 1952, na kosa la kuvichanganya limo katika maandishi mengi yanayosifiwa. La pili ni ngazi za mahakama. Kulikuwa na mabaraza ya wenyeji, mahakama za makadhi na za maliwali pwani, mahakama za mahakimu waliokuwa mara nyingi maofisa wa wilaya haohao waliomkamata mshtakiwa, Mahakama Kuu iliyoitwa wakati huo Supreme Court, kisha Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, na juu kabisa Baraza la Faragha mjini London. Usiridhike na hukumu ya ngazi ya kwanza.

Kesi ya Kapenguria inaonyesha sababu. Watu sita, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, walisomewa mashtaka ya kuongoza Mau Mau mbele ya hakimu Ransley Thacker mwishoni mwa mwaka 1952, wakahukumiwa tarehe 8 Aprili 1953 kifungo cha miaka saba chenye kazi ngumu. Wasifu nyingi huishia hapo na kuingia Lokitaung, gereza la kaskazini walikofungwa. Lakini rufaa iliendelea: Mahakama Kuu iliona kwamba Thacker hakuwa na mamlaka kwa jinsi uteuzi wake ulivyoandikwa, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hoja hiyo, Achieng Oneko akafutiwa hatia katika rufaa na hata hivyo akaendelea kuzuiliwa, na Baraza la Faragha likakataa kuwasikiliza waliobaki. Kwa anayemwandika Oneko, jambo hilo la kushinda rufaa na kubaki kizuizini linastahili sura nzima, kwa kuwa linaeleza koloni kwa usahihi kuliko hotuba yoyote. Vilevile mfuate shahidi. Rawson Macharia, aliyetoa ushahidi mzito dhidi ya Kenyatta, aliapa mwaka 1958 kwamba alikuwa amelipwa aseme uongo, na akashtakiwa na kufungwa kwa sababu ya kiapo hicho cha pili.

Kesi hiyo pia inafundisha jinsi ya kuwaandika mawakili wenyewe. Upande wa utetezi uliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, akiwa pamoja na Chaman Lall wa India, H. O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson wa Jamaika, na mawakili wa Nairobi Fitz de Souza, A. R. Kapila na Jaswant Singh. Shule iliyogeuzwa mahakama huko Kapenguria ilikuwa katika wilaya iliyofungwa, hapakuwa na mahali pa kulala, na mawakili walikaa Kitale na kusafiri kila siku. Kipengele kama hicho, cha umbali kati ya wakili na mteja wake, humwambia msomaji mengi kuhusu haki ya kujitetea, nawe unaweza kukithibitisha kwa ramani na kwa barua za mawakili. Nakushauri uandike mambo ya namna hiyo kwa utulivu, bila vivumishi.

C. M. G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili nchini Kenya, alirudi kutoka masomoni Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau wakati ambapo kazi hiyo ilimtenga mtu. Husimuliwa kwamba alikataa kazi serikalini kwa sababu mshahara wa Mwafrika ulikuwa sehemu tu ya ule wa Mzungu mwenye sifa zilezile. Simulizi kama hili lisiandikwe wala kutupwa kabla ya kupimwa, na kipimo kipo: Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikuwa imeweka kanuni ya kumlipa Mwafrika tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, na kanuni hiyo iliondolewa kufuatia Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Miaka inalingana na simulizi. Baada ya hapo tafuta barua ya ofa yenyewe. Ukiikosa, mweleze msomaji kanuni ya mishahara, kisha useme kwamba hivi ndivyo inavyosimuliwa.

Sheria ya pwani isisahauliwe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, alikuwa pia mwandishi wa magazeti, akiwa ametoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Hukumu zake na makala zake zinasomwa mara chache na mtu yuleyule, kwa sababu anayesoma hukumu hutafuta fiqhi na anayesoma makala hutafuta siasa. Mwandishi wa wasifu ndiye aliye na wajibu wa kuvisoma vyote viwili, tena kwa herufi za Kiarabu pale vilipoandikwa kwa herufi hizo.

Siasa

Sehemu hii naipitia haraka, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa zaidi na mwandishi mpya hana upungufu wa vitabu. Soma kumbukumbu za mijadala ya Baraza la Kutunga Sheria tangu lilipoanza mwaka 1907, ukijua kwamba Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, na kwamba Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa waliingia Machi 1957. Kabla ya 1944 maslahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu, hasa wamisionari, na mwandishi anaweza kujifunza mengi kwa kulinganisha walichosema wasemaji hao na barua ambazo Waafrika wenyewe walikuwa wakiiandikia serikali mwezi uleule.

Tahadhari moja tu naiwekea mkazo: fuata maisha hadi mwisho hata yanapokwenda kinyume na matarajio yako. Thuku wa mwaka 1922, ambaye kukamatwa kwake kulileta umati mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, ambapo Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume waliokuwa wakisita, kisha umati ukapigwa risasi naye akawa miongoni mwa waliouawa, ni mtu yuleyule aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kenya African Union mwaka 1944 na baadaye mkulima wa kahawa aliyewapinga Mau Mau hadharani. Idadi ya waliokufa siku ile ya 16 Machi inatofautiana kati ya hesabu ya serikali na ya mashahidi. Andika zote mbili na useme kila moja imetoka kwa nani. Thuku wa uzeeni usimfiche kwenye tanbihi.

Makavazi na mazungumzo

Makavazi ya Kitaifa yako katikati ya Nairobi, kwenye Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Omba ripoti za mwaka za wilaya na zile za kukabidhiana ofisi kati ya mkuu wa wilaya anayeondoka na anayeingia, kwa maana katika hizi za pili ofisa alimwandikia mwenzake bila kujipamba, akitaja ni mzee gani mkorofi, ni mfanyabiashara gani anayetegemewa na ni wakili gani wa kuchungwa. Jua pia kwamba sehemu ya nyaraka zilihamishwa kwenda Uingereza wakati wa uhuru na kufichwa, mpaka mwaka 2011 zilipojitokeza Hanslope Park, ghala la serikali ya Uingereza, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau, na sasa zimo Kew katika mfululizo wa FCO 141. Jalada linalokosekana Nairobi huenda liko huko, na huenda lilichomwa. Orodha za kuchomwa zenyewe ni ushahidi.

Kwa mazungumzo na wazee, nenda na mtu wa familia, salimu kwa utaratibu wa nyumba hiyo, na siku ya kwanza usitoe kinasa sauti. Usiulize kwanza kuhusu uhuru, kwa sababu utajibiwa kwa maneno ya vitabu vya shule. Uliza duka lilikuwa na milango mingapi, mizani ilikuwa ya aina gani, nani alikuwa na ufunguo, mgeni alipewa nini, kesi ilipokwenda vibaya mama alipika nini usiku huo. Kutoka hapo mzee atafika mwenyewe kwenye siasa, akiwa na tarehe alizozipima kwa mvua, njaa na kuzaliwa kwa watoto, ambazo utazilinganisha na jalada. Mpe nakala ya alichosema akisikilize kabla ya kuchapisha, na chochote kinachohusu afya, ndoa au mali za watu walio hai kisiandikwe bila ridhaa yao.

Kupanga na kumaliza

Unapoanza kuandika, panga sura kwa milango iliyofunguka na iliyofungwa badala ya kuzipanga kwa vyeo. Kila sura ijibu mambo matatu: mtu alitaka kufanya nini, nani alikuwa na uwezo wa kumkubalia au kumkatalia, na yeye alipitia wapi baada ya jibu. Vyeo viweke kwenye jedwali mwishoni mwa kitabu, msomaji atavikuta huko. Tumia istilahi za wakati huo pale zinapokuwa za kisheria, na ueleze mara moja maana yake. Msamiati wa dharau wa maofisa uuweke ndani ya alama za kunukuu, usiuingize katika sauti yako mwenyewe kwa bahati mbaya, kama inavyotokea kwa mtu aliyekaa na majalada mwaka mzima. Rasimu ikikamilika, mpe asome mmoja wa familia na mmoja wa ukoo, chama au kampuni iliyoshindana na mtu wako, na ulinganishe aya ambazo kila mmoja amezipigia mstari.

Sura ya mwisho isianze na maziko. Rudi kwenye Gazeti Rasmi, upitie miaka miwili au mitatu inayofuata kifo, utafute tangazo la kusimamia mirathi, kisha uombe jalada lake mahakamani. Humo utakuta orodha ya viwanja, hisa, akaunti, madeni aliyodaiwa na aliyodai, warithi kwa majina, na mara nyingine mke au mtoto ambaye hakutajwa na tanzia yoyote. Linganisha orodha hiyo na leseni ya kwanza uliyoipata mwanzoni mwa utafiti, uangalie ni kiwanja kipi kilichobaki mikononi mwake kwa muda wote huo.